Jina la biashara ya viungo: tusajili lipi, na kwa jina la nani?

Mwanaviungo, Muheza

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi na mdogo wangu wa kike tunasaga na kufungasha viungo hapa Muheza: mchanganyiko wa pilau, masala ya chai, manjano, pamoja na mdalasini na iliki tunazonunua kwa wakulima wa Amani. Hadi sasa tumekuwa tukiuza sokoni Tanga na kuwatumia wateja wa Dar es Salaam kwa mabasi, katika vikopo visivyo na maandishi yoyote zaidi ya namba ya simu. Hivi karibuni duka moja la Dar es Salaam limekubali kuziweka bidhaa zetu rafuni, kwa sharti kwamba tuwe na jina lililosajiliwa, TIN (namba ya mlipakodi), leseni, alama ya ubora ya TBS na bakodi kwenye kila pakiti. Hayo mengine tumeanza kuyashughulikia. Tuliloshindwa kukubaliana ni jina.

Mdogo wangu anataka "Viungo Bora Tanga", kwa hoja kwamba mnunuzi akilisoma anajua mara moja kinachouzwa na kinakotoka. Mimi napendelea "Viungo vya Usambara", kwa sababu milima hiyo inajulikana hata na watu ambao hawajawahi kufika Tanga. Mama yetu naye anasema tutumie "Bi Mwanahawa", jina la bibi yetu aliyetufundisha kukaanga na kupima viungo, ingawa mdogo wangu anaona jina hilo litaonekana la kizamani mbele ya wateja wa mjini.

Jambo la pili ni la usajili wenyewe. Mimi nina namba ya NIDA, lakini kitambulisho chenyewe sijakipata. Binamu yetu, ambaye tayari ana akaunti katika mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, amejitolea kulisajili jina kwa jina lake ili tusichelewe, kisha atatuhamishia baadaye. Je, hilo lina ubaya wowote? Na tukishapata cheti, kitamzuia mtu mwingine asitumie jina letu kwenye viungo vyake? Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Fundi wa Fomu, Korogwe

Dada Mwanaviungo, hongera kwa kufika hapo. Mimi nina steshenari, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwajazia watu maombi ya BRELA, kwa hiyo nitajibu yale ninayoyashughulikia kila siku na mengine nitawaachia wanasheria.

Nianze na binamu, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko hata uchaguzi wa jina. Mfumo wa usajili kwa njia ya mtandao unahitaji Namba ya Utambulisho wa Taifa, hauhitaji kadi. Ukiwa na namba hiyo na ukaweza kujibu maswali ya uhakiki kuhusu taarifa zako, unafungua akaunti yako mwenyewe. Sababu ya kumtumia binamu, basi, haipo kabisa. Anaweza kukaa nawe kwenye kompyuta na kukuelekeza, lakini sehemu ya mmiliki iandikwe wewe, au wewe na mdogo wako. Atakayeandikwa kama mmiliki ndiye atakayetokea kwenye taarifa za usajili zinazoambatana na cheti, ndiye benki itakayemtaka aje kufungua akaunti, na ndiye mamlaka ya kodi (TRA) na halmashauri watakayemwona. Ahadi ya kuhamisha baadaye inategemea mtu awe hai, awe anapatikana na awe na nia ileile aliyokuwa nayo siku ya kwanza. Simtuhumu binamu yako kwa lolote; hata mtu mwema hufariki, na warithi wake huenda hawajui mlichokubaliana.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Unaanza kwa kutafuta katika mfumo kama jina limekwisha kuchukuliwa. Kisha unajaza jina, aina ya shughuli, mahali biashara ilipo kuanzia mkoa hadi mtaa na namba ya nyumba au kiwanja, na taarifa za wamiliki. Mfumo unakutolea fomu ya kuchapisha, mnaisaini, mnaiskani na kuirudisha kwenye mfumo, halafu mnapewa namba ya kumbukumbu ya malipo na kulipa benki au kwa simu. Ada ni shilingi 20,000 kwa jumla, yaani 15,000 za usajili na 5,000 za utunzaji, na baada ya hapo ada ya utunzaji ya shilingi 5,000 hulipwa kila mwaka. Watu wengi husahau hiyo ya kila mwaka, kisha siku wanapotaka kubadilisha taarifa wanakuta deni limelimbikizwa. Cheti kinatolewa kwa njia ya mtandao, na sheria inataka kibandikwe mahali panapoonekana katika ofisi kuu ya biashara.

Kuhusu kukataliwa: maombi mengi ninayoyaona yakirudishwa hurudishwa kwa sababu jina linafanana mno na lililopo. Mwombaji hudhani kwamba akiongeza "Enterprises" au "General Supplies" mwishoni tayari amepata jina jipya, ilhali afisa huangalia kiini cha jina. Wengine huweka neno "Limited", ambalo ni la kampuni pekee na haliruhusiwi katika jina la biashara la mtu binafsi au wabia.

Mchuuzi wa Kariakoo

Nitatofautiana kidogo na jinsi mnavyomjaza dada huyu hofu. Wateja hununua pilau kwa sababu ya harufu na bei, na jina lolote litazoeleka bidhaa ikiwa nzuri. Mimi ningechukua "Viungo Bora Tanga" leo hii, nikalipa hizo 20,000, nikapeleka mzigo dukani. Hizo habari za kulinda jina ni za wakubwa wenye viwanda. Akisubiri hadi apate jina kamilifu, yule mwenye duka atampa nafasi ya rafu mtu mwingine, na hapa mjini hakuna anayemngoja mwenzake. Akikua ataajiri wakili.

Wakili wa Mwambao

Ndugu Mchuuzi ana hoja kuhusu kutokuchelewa, na sioni sababu ya kumchelewesha dada Mwanaviungo hata kwa wiki moja. Lakini "Viungo Bora Tanga" ndilo jina baya kuliko yote matatu, na ubaya wake hauonekani siku ya kusajili. Unaonekana siku ambayo bidhaa imeanza kupendwa, na hapo ndipo ndugu Mchuuzi anapomshauri dada aanze kufikiria ulinzi, wakati jina lenyewe halilindiki tena.

Nieleze kwanza kitu ambacho swali la tatu linakigusa, kwa sababu watu wengi sana huchanganya mambo matatu yaliyo chini ya paa moja la BRELA. Kuna jina la biashara, linalosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213. Kuna kampuni, inayoundwa chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Na kuna alama ya biashara na huduma, inayosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 1986, Sura ya 326. Mtu anaweza kuwa na moja bila nyingine, na kuwa na moja hakumpi nyingine.

Jina la biashara, kwa asili yake, ni taarifa kwa umma. Serikali inataka kujua ni nani hasa anayefanya biashara nyuma ya jina lisilo lake, ili anayemdai au anayetaka kumshtaki ajue amtafute nani. Cheti hicho hakizai mtu mpya kisheria: ukikopa kwa jina la biashara umekopa wewe, na nyumba yako inaweza kufuatwa. Pia hakikupi miliki ya neno lile. Msajili atamkatalia mwingine kuandikisha jina linalofanana mno na lako katika daftari hilo, na hiyo ni faida yenye maana, lakini mtu akichapisha maneno yaleyale kwenye pakiti ya viungo bila kupita kwa msajili, cheti chako pekee si silaha ya kumzuia.

Silaha hiyo ni alama ya biashara. Tazameni bidhaa mnazozijua. Unga na juisi za Azam hutoka katika makampuni ya kundi la Bakhresa; bia ya Safari hutengenezwa na Tanzania Breweries. Mnunuzi anaitisha Azam, anaitisha Safari, wala hana haja ya kujua kampuni iliyo nyuma imeandikishwa kwa jina gani. Kwa mtu anayeuza kwenye duka lake mwenyewe, jina lililo juu ya mlango ndilo lenye kazi. Kwa dada Mwanaviungo, ambaye bidhaa yake itakaa kwenye rafu ya mtu mwingine kando ya pakiti nyingine kumi za masala, kazi yote inafanywa na neno lililoandikwa kwenye pakiti. Ndiyo maana anapaswa kuchagua jina kwa kuangalia kwanza kama linaweza kuwa alama, na baada ya hapo alisajili kama jina la biashara.

Sasa turudi kwa majina yenyewe. Sheria ya alama inataka neno linaloweza kutofautisha bidhaa za mtu mmoja na za mwingine. "Viungo" ni bidhaa yenyewe, "bora" ni sifa ambayo kila muuzaji anajipa, na "Tanga" ni mahali. Hakuna hata neno moja kati ya hayo ambalo mtu anaweza kuwanyima wafanyabiashara wenzake, na kuyaunganisha matatu hakuleti kitu kipya. Mtu wa Pongwe akianza kuuza "Viungo Safi vya Tanga", utamlalamikia kwa lipi? Tena kile ambacho mdogo wako anakiona kuwa nguvu ya jina hilo, kwamba mnunuzi anajua mara moja kinachouzwa, kinaweza kuandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina: "mchanganyiko wa pilau", "umetengenezwa Muheza, Tanga". Maelezo yana nafasi yake kwenye pakiti, na jina lina yake.

"Viungo vya Usambara" lina dosari ya namna hiyohiyo, japokuwa lina sauti nzuri zaidi. Jina la mlima ni la wote waishio chini yake. Angalieni Kilimanjaro: kuna bia ya Kilimanjaro ya Tanzania Breweries, na kuna maji ya kunywa ya Kilimanjaro ya Bonite Bottlers ya Moshi, makampuni mawili tofauti, kila moja likiwa na jina la mlima uleule kwenye chupa. Cha kustaajabisha zaidi ni kwamba katika mpangilio wa kimataifa wa bidhaa, bia na maji ya kunywa yote yamo katika daraja moja, la 32. Wakubwa hao wana matangazo na historia ndefu ya kuyafanya majina yao yajulikane hata hivyo. Mjasiriamali anayeanza hana fedha za kulifanya jina la mlima liwe lake kichwani mwa mnunuzi, na kila mkulima wa Lushoto anayekausha tangawizi atakuwa na haki ya kusema kwamba yake pia inatoka Usambara.

Linabaki la mama yenu. "Bi Mwanahawa" halielezi viungo, halitaji mahali, na halisifu chochote. Ni jina la mtu, kweli, na wapo akina Mwanahawa wengi mwambao huu, lakini kwenye pakiti ya viungo linaweza kabisa kumtofautisha muuzaji mmoja na mwingine, mradi asiwepo aliyetangulia kulitumia kwa bidhaa za aina hiyo. Mkiliandika kwa mwandiko wenu na kuliwekea mchoro wenu, nguvu yake inaongezeka. Kuhusu hofu ya ukale, hilo ni la ladha, nami si mtu wa matangazo. Nitasema tu kwamba anayenunua mchanganyiko wa pilau hatafuti usasa.

Alama husajiliwa kwa daraja la bidhaa au huduma. Mpangilio huo una madaraja 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Viungo vyenu vyote viko daraja la 30, pamoja na chai, kahawa, unga, mchele, sukari na asali. Mkija kuuza mafuta ya kula au matunda makavu, hayo ni daraja la 29. Mkifungua mgahawa, ni daraja la 43. Anzeni na la 30 peke yake, kwa kuwa kila daraja lina gharama yake na hakuna faida ya kulipia mgahawa ambao haupo. Ombi hukaguliwa, hutangazwa, na watu hupewa siku 60 za kuweka pingamizi. Likipita, usajili hudumu miaka 7 tangu tarehe ya ombi, na baada ya hapo huhuishwa kwa vipindi vya miaka 10.

Nimtendee haki ndugu Mchuuzi kwa jambo moja. Asiyesajili alama hajaachwa mtupu kabisa. Mahakama zetu zinatambua madai dhidi ya mtu anayeuza bidhaa zake kana kwamba ni za mwenzake, hata pasipo usajili. Lakini mdai lazima athibitishe kwamba jina lake lilikuwa limejipatia sifa sokoni, kwamba mwenzake amewapotosha wanunuzi, na kwamba amepata hasara. Kuyathibitisha hayo kwa mashahidi na vitabu vya hesabu ni gharama kubwa kuliko ada za usajili kwa mbali, na mtu anayeuza vikopo visivyo na maandishi hana cha kuthibitisha.

Mwana wa Mvita, Mombasa

Salamu kutoka Mombasa. Dada, viungo vya Tanga huvuka mpaka wa Lungalunga kila siku, kwa hiyo huenda siku moja bidhaa yako ikafika huku kwetu Kongowea, ukipenda usipende. Jua basi kwamba usajili wa Tanzania hauvuki pamoja na mzigo. Kwetu jina la biashara huandikishwa na Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen, na alama za biashara ziko katika taasisi nyingine kabisa, KIPI, ambako usajili hudumu miaka 10. Wapo wengi hapa wanaodhani kwamba wakishapata cheti cha eCitizen wameshamaliza, kisha wanagundua kwamba daftari la alama ni la nyumba nyingine na mlangoni mwake hawajawahi kupita.

Naongeza kuhusu maneno ya kawaida, kwa sababu wakili ameeleza vizuri kwamba neno huangaliwa pamoja na bidhaa yake. Kampuni ya Disney ilisajili maneno "Hakuna Matata" huko Marekani mwaka 2003 kwa ajili ya fulana, na waliposikia habari hiyo mwaka 2018 watu wengi wa kwetu waliwaka hasira wakidhani kwamba sasa hatuwezi hata kuyatamka. Usajili ule ni wa nguo katika nchi ile. Maneno yaleyale ambayo kwetu hayamtofautishi mtu yeyote, penginepo yalionekana mageni kiasi cha kukubalika kuwa alama ya fulana. Na kuna ile kampuni ya Uingereza iliyotaka kusajili neno "kikoy" huko kwao katika miaka ya 2000, ikawekewa pingamizi na ombi lisifanikiwe. Kama si watu waliosimama ndani ya muda wa pingamizi, wauzaji wa vikoi wa mwambao wangekuwa na shida ya kuvipeleka Uingereza kwa jina lake. Kwa hiyo ule muda wa pingamizi uliotajwa ni wako pia, si wa kukuzuia tu. Mtu akiomba jina linalogusa lako, ndipo pa kusema.

Mwanaviungo, Muheza

Nawashukuru sana, hasa Wakili wa Mwambao na kaka Fundi wa Fomu. Nimemsomea mama majibu yenu, naye amefurahi kupita kiasi kwa sababu anaona ameshinda kesi.

Nimefungua akaunti yangu mwenyewe kwa namba ya NIDA, na imekubali. Nilipotafuta katika mfumo nimekuta majina kadhaa yenye neno "Mwanahawa", mengine ya mavazi na mengine ambayo aina ya shughuli zake sikuielewa. Mdogo wangu amependekeza tuandike "Bi Mwanahawwa" kwa w mbili, au "BiMwana", ili tuwe tofauti. Je, hilo linatosha? Swali langu jingine, nikiri kwamba nalileta kwa woga kidogo: kaka Fundi amesema jina lisajiliwe kwa mmiliki halisi. Mtaji wa kwanza nilitoa mimi, mashine ya kusaga alinunua mdogo wangu, na mapishi ni ya bibi. Tuandikwe wote wawili, au mmoja?

Wakili wa Mwambao

Kubadilisha herufi moja hakusaidii kwa njia yoyote. Majina hulinganishwa kwa jicho na kwa sikio pia, na mnunuzi anayemwambia muuza duka "nipe Bi Mwanahawa" hatamki w ngapi. Ikiwa kuna mwenye haki katika jina la kwanza, la pili litamkera vilevile. Ikiwa hayupo, hamna haja ya kuharibu tahajia ya jina la bibi yenu. Kinachofaa ni kuongeza neno lenye uzito wake, ambalo halielezi bidhaa. Huenda bibi alikuwa na jina la utani, au kuna jina la kitongoji alichoishi ambalo halijulikani kwa viungo. "BiMwana" si baya kama jina la kubuni, lakini ulitafute nalo, na ulitafute katika daftari la majina ya biashara, la makampuni na la alama. Hayo mengine yenye neno "Mwanahawa" katika biashara ya mavazi yanaweza kuwasumbua katika daftari la majina, lakini katika daftari la alama swali litakuwa ni nani aliyetangulia katika daraja la 30.

Kuhusu umiliki, kwa maelezo yako nyinyi wawili mmekwisha kuwa wabia, hata kama hamjasaini chochote. Ubia wetu Tanzania Bara unatawaliwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na pasipo makubaliano tofauti wabia hugawana faida sawasawa, bila kujali nani alitoa mashine na nani alitoa fedha. Kila mmoja pia anaweza kuufunga ubia kwa madeni anayoingia katika shughuli za kawaida za biashara. Kwa hiyo sajilini kwa majina yenu nyote wawili, na kabla ya kusaini fomu ya BRELA andikeni mkataba wa ubia. Uonyeshe kila mmoja ameleta nini na kwa thamani gani, faida inagawanywaje, nani anasaini benki, na (hili ndilo linalosahaulika) nani atabaki na jina ikiwa mtaachana au mmoja akifariki. Bila kifungu hicho jina la bibi linaweza kugombaniwa na wajukuu wake mbele ya hakimu. Kumbuka kwamba ubia una TIN yake mbali na TIN ya kila mmoja wenu, na mkifungua kwa jina lako peke yako mtalazimika kurudi kuanza upya.

Sijapendekeza kampuni kwa makusudi. Kampuni ingewatenganisha nyinyi na madeni ya biashara, na siku mtakapokopa fedha nyingi benki au kuingiza mwekezaji mtaihitaji. Lakini inaleta katiba ya kuandika, taarifa za kila mwaka za kuwasilisha, taarifa za wamiliki manufaa (yaani watu hasa wanaonufaika na kampuni), na hesabu za kukaguliwa. Kwa ukubwa mlionao, hayo yatakula faida ya manjano. Mkija kuunda kampuni baadaye, alama iliyosajiliwa inaweza kuhamishiwa kwenye kampuni hiyo kwa hati na kuandikishwa kwa msajili.

Mchuuzi wa Kariakoo

Nimesoma, na kuhusu jina nakubali kwamba la bibi ni zuri kuliko "Viungo Bora". Bado nasema asianze na alama kabla ya kujua kama duka litaagiza tena. Apate cheti cha jina, apeleke mzigo, na fedha za mauzo ya kwanza ndizo zilipie daraja la 30.

Wakili wa Mwambao

Mpangilio huo naukubali, kwa sharti kwamba utafutaji katika daftari la alama ufanyike sasa. Gharama ya kutafuta ni ndogo, na ndiyo itakayomwambia kama pakiti atakazochapisha zina mwenyewe tayari. Kuchelewesha ombi lenyewe kwa miezi michache ni hatari anayoweza kuibeba akiwa anaijua. Asichelewe hadi msimu wa Ramadhani, ambapo viungo hununuliwa sana na majirani huanza kuangalia nani anauza nini.

Mkaazi wa Chake Chake

Nami naomba nitie neno kutoka Pemba. Zanzibar ina msajili wake, Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, yaani BPRA, na sheria zake. Usajili wa BRELA, uwe wa jina au wa alama, ni wa Bara. Mkija kuuza Darajani au mahotelini Unguja, itabidi muombe upya kwetu.

La pili, na hili nimelishuhudia kwenye pakiti nyingi: msiandike "viungo vya Zanzibar" eti kwa sababu watalii wanalipenda neno hilo. Karafuu mkizinunua Pemba, semeni karafuu ni za Pemba. Iliki ya Amani ina sifa yake, haihitaji kuvalishwa kanzu ya watu. Na kisheria, alama inayompotosha mnunuzi kuhusu asili ya bidhaa ni sababu tosha ya kukataliwa.

Fundi wa Fomu, Korogwe

Dada, mnapokamilisha, fuateni mpangilio huu ili msilipie kitu mara mbili. Utafutaji katika madaftari yote kwanza, kisha mkataba wa ubia, kisha jina BRELA. Cheti kikishatoka, nendeni TRA mkachukue TIN ya ubia, ambayo haina ada, halafu leseni ya halmashauri, ambayo kwa sasa huombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Kwa TBS, piteni kwanza ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo Tanga, mchukue barua ya utambulisho wa mjasiriamali mdogo, kwa sababu inapunguza gharama za kupata alama ya ubora. Hakikisheni jina, anwani na mtaa vimeandikwa kwa namna ileile katika nyaraka zote hizo. "Bi Mwanahawa" kwenye cheti, "Bi. Mwanahawa" kwenye TIN na "Bimwanahawa" kwenye leseni ni majina matatu machoni pa afisa wa benki, na atawarudisha.

Pakiti zichapishwe mwisho. Wachapaji wengi wa vifungashio hawakubali idadi ndogo, na mteja aliyetangulia kuchapisha kisha jina likakataliwa hubaki na magunia ya pakiti asizoweza kuzitumia. Kwa shehena ya kwanza ya dukani tumieni stika juu ya pakiti tupu. Stika mnaweza kuchapisha hata mia moja hapa kwangu.

Mwanaviungo, Muheza

Nimeelewa, na nawashukuru nyote. Mama ametukumbusha kwamba majirani walimwita bibi "Mwanahawa wa Kinu", kwa ajili ya kinu chake kilichokuwa kikisikika alfajiri mtaa mzima. Nimelitafuta jina hilo katika daftari la majina ya biashara na la makampuni, na halina mtu. Kwenye daftari la alama nitaomba utafutaji wa daraja la 30 Jumatatu. Mdogo wangu amelikubali, ila anataka kifungu kwenye mkataba kwamba mashine ya kusaga ibaki yake hata tukiachana, nami sina pingamizi.

Wakili wa Mwambao

Mwandikie kifungu hicho, na uweke pia namba ya mashine iliyochongwa kwenye bodi yake.